Rangi zikiondoka, nani anaamua kinachobaki?

“Kaka, hapa nibonyeze kipi?”

Aliyeuliza alikuwa ameshika kifaa chenye skrini ndogo, doti 84 kwa 48, ukubwa ule ule wa kioo cha Nokia 3310. Kwenye skrini palikuwa na mchoro wa vitufe viwili, na chini yake maneno: anza na chekundu. Vyote viwili vilikuwa vyeusi. Umbo moja, ukubwa mmoja, weusi mmoja.

Mchoro wa asili ni GIF, faili ya picha ya miaka mingi, yenye rangi. Kitufe kimoja ni chekundu cha kuwaka, kingine kijani kilichokolea. Ukiutazama kwenye kompyuta huwezi kuvichanganya hata ukiwa umekaa mbali. Programu iliyoubadilisha kuwa nyeusi na nyeupe kwa ajili ya kifaa hicho haikuharibika wala haikukosea hesabu. Ilimaliza kazi yake vizuri kabisa, na kitu pekee kilichopotea njiani ndicho ambacho mchoro ulichorwa kwa ajili yake.

Nilimwonyesha kitufe. Akabonyeza, akaendelea na shughuli zake.

Mimi nimebaki na swali lake wiki hizi zote.

## Hesabu sahihi, jibu lisilosaidia

Kabla picha ya rangi haijawa nyeusi na nyeupe tupu, hupitia kijivu. Kila doti ina viwango vitatu, vya nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255, na vyote vitatu vinatakiwa kuwa kiwango kimoja. Kanuni inayotumika zaidi imerithiwa kutoka kwenye televisheni: chukua 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya bluu, kisha jumlisha. Uzito huo una sababu yake. Jicho la binadamu huupokea mwanga wa kijani kwa nguvu kuliko mwekundu, na wa bluu huupokea kwa shida.

Sasa tupigie hesabu vile vitufe. Nyekundu kamili, yaani 255 bila kijani wala bluu, inatoa 76. Kijani cha 130, bila nyekundu wala bluu, nacho kinatoa 76. Rangi mbili ambazo hakuna anayezifananisha zinaangukia kwenye kijivu kile kile. Kuanzia hapo, hakuna ustadi wowote wa hatua zinazofuata unaoweza kuzitenganisha tena, kwa sababu faili yenyewe haina tena habari kwamba zilikuwa mbili.

Hili ndilo lililonisumbua. Nilizoea kufikiri, kama wengi tunaoshughulika na picha hizi, kwamba ubora unaamuliwa mwishoni, pale tunapochagua njia ya kugeuza kijivu kuwa nyeusi na nyeupe. Tunabishana sana kuhusu hatua hiyo. Kumbe mchoro wa vitufe ulikuwa umeshakufa hatua mbili kabla, mahali ambapo hakuna aliyeulizwa chochote.

Kuna pia maneno yale chini ya mchoro. Anza na chekundu. Sentensi nayo ilikuwa ya rangi, na hakuna programu ya picha inayosoma sentensi.

## Bajeti ya biti moja

Wanaofanya kazi hii wanajua hali ilivyo, kwa hiyo sitakaa sana hapa. Skrini ya 84 kwa 48 ina doti 4032. Kwa rangi kamili zingehitaji baiti 12,096. Kwa biti moja kila doti, yaani nyeusi au nyeupe tu, zinatosha baiti 504, na hapo ndipo nguvu ya vifaa hivi ilipo: kumbukumbu ndogo, betri inayodumu, kioo kinachosomeka juani.

WBMP, muundo wa picha uliokuja na WAP, intaneti ya simu za wakati ule, mwishoni mwa miaka ya 1990, uliichukua hali hiyo bila kujitetea. Hakuna mbano wa aina yoyote. Picha ya 96 kwa 65, kipimo cha skrini ya Nokia 7110 ya mwaka 1999, ina kichwa cha baiti nne: sifuri, sifuri, upana, urefu. Kisha zinafuata baiti 780 za doti zenyewe, mstari baada ya mstari. Unaweza kuiandika faili nzima kwa mkono ukiwa na karatasi yenye miraba na subira. Napenda muundo usio na siri kiasi hicho.

Angalizo moja kwa anayeanza: kwenye WBMP biti ya 1 ni nyeupe. Kwenye picha za ujumbe za Nokia, zilizotumwa kwa SMS, na kwenye vioo vingi vya 84 kwa 48 vinavyouzwa hadi leo kwa wapenda vifaa vya kielektroniki, 1 ni doti nyeusi. Picha ikitokea kama negativu ya filamu, angalia hapo kwanza kabla hujagusa kitu kingine.

## Picha kuukuu zinakuja na mizigo yake

Picha za zamani hazifiki mkononi zikiwa safi. Zimeshapita kwenye mikono ya watu na vizuizi vya wakati wao.

GIF ina rangi 256 tu kwa picha, na wakati fulani waliotengeneza kurasa za intaneti walijibana hadi kwenye rangi 216 zilizoaminika kuonekana sawa kwenye kompyuta zote. Ili kupata rangi ambazo hazimo, programu za wakati ule zilichanganya doti za rangi mbili tofauti, jicho likadanganyika kuona ya tatu. Kwa hiyo anga unaloliona kwenye GIF ya namna hiyo limeshanyunyiziwa doti mara moja. Ukilinyunyizia tena kwa ajili ya skrini ya biti moja, mifumo miwili inagongana na kuzaa mawimbi na vibaka ambavyo havikuwepo. Dawa ni kupunguza ukubwa kwanza kwa kuchukua wastani wa doti jirani, siyo kwa kuruka doti na kuchagua moja. Wastani huziyeyusha zile doti za kale na kurudisha kijivu tulivu kilichokusudiwa.

Uwazi ni mtego mwingine. Tangu toleo la mwaka 1989, GIF inaweza kuitangaza rangi moja kuwa wazi, pasipoonekana. Lakini chini ya uwazi ipo namba ya rangi halisi, na mara nyingi rangi hiyo ni nyeusi. Programu isiyojali uwazi inakupa nembo nyeusi juu ya usuli mweusi. Weka usuli mweupe kabla ya kitu chochote.

JPEG, muundo mwingine wa picha, nayo hukata picha katika vipande vya doti 8 kwa 8, na kuzunguka maandishi huacha ukungu wa vumbi ambao kwenye rangi hauonekani. Kizingiti cha biti moja, yaani namba inayotenganisha nyeusi na nyeupe, hakina huruma na vumbi: linageuka kuwa madoa meusi kamili kando ya kila herufi. Maandishi yaliyomo ndani ya JPEG ya zamani siyabadilishi kamwe. Nayafuta, nayaandika upya kwa fonti ya doti.

Na kila mara, kupunguza ukubwa kuje kabla ya kizingiti. Kinyume chake ni kupoteza muda.

## Namna ya kunyunyiza

Picha ikiwa ya kijivu na ikiwa imefikia ukubwa wake, kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kukata kwa kizingiti: kilicho juu ya 128 kiwe cheupe, kilicho chini kiwe cheusi. Ya pili ni ditheringi, yaani kunyunyiza doti nyeusi na nyeupe kwa uwiano unaoiga kijivu.

Bryce Bayer wa Kodak, kampuni ya filamu na kamera, alichapisha mwaka 1973 jedwali la vizingiti linalorudiwarudiwa juu ya picha nzima. Jedwali la 4 kwa 4 hutoa ngazi 17 za kijivu. Linaacha alama ya miraba inayotambulika mara moja, lakini halitikisiki: doti ya mahali fulani huamuliwa na mahali pake na thamani yake tu. Kwa picha zinazocheza, sijaona mbadala mzuri zaidi.

Mwaka 1976 Robert Floyd na Louis Steinberg wakaja na wazo la kurithisha makosa. Doti ya thamani 90 ikifanywa nyeusi, zile 90 zilizopotea hazitupwi. Doti ya kulia hupewa 7/16, na tatu za mstari wa chini hupewa 3/16, 5/16 na 1/16. Ni hesabu nzuri kwa sababu haimwachi mtu na deni: kila mwanga uliodhulumiwa mahali pamoja unalipwa jirani. Bill Atkinson wa Apple, aliyekuwa akifanya kazi na skrini ya Macintosh ya 512 kwa 342 ya nyeusi na nyeupe, alibadili kanuni hiyo. Yeye hugawa moja ya nane kwa majirani sita, na sehemu mbili za nane zilizobaki anaziacha zipotee. Picha zake zinang'aa, zina ukali wa kupendeza, na wengi wetu tumezipenda kwa sababu hiyo.

Mgao huo wa Atkinson nitaurudia, maana una gharama yake.

Kuna jambo la mwanga ambalo programu nyingi bado hulipuuza. Thamani ya 128 kwenye faili ya kawaida si nusu ya mwanga. Ni kama asilimia 22 tu. Nusu halisi ya mwanga iko karibu na 188. Programu ikiona 128 na kunyunyiza nusu ya doti nyeupe, imetoa mwanga zaidi ya mara mbili ya ule wa picha ya asili, na ndiyo sababu picha nyingi zilizobadilishwa huonekana zimepauka katikati. Suluhisho ni kuzigeuza thamani kuwa za mwanga halisi kabla ya kupunguza ukubwa na kabla ya kunyunyiza.

## Nyuso

Baada ya vitufe nilirudi kwenye picha zilizokuwa zimekwisha kubadilishwa, nikazipitia moja moja. Michoro niliweza kuitengeneza. Kisha nikafika kwenye picha za watu.

Chukua ngozi nyeusi ya kawaida iliyopigwa picha ndani ya chumba, tuseme nyekundu 90, kijani 60, bluu 45. Kijivu chake ni 67. Kizingiti ni 128. Uso wote uko chini ya kizingiti: paji, mashavu, pua, kidevu, vyote vinakuwa kipande kimoja cheusi. Kinachobaki cheupe ni macho na meno.

Nilizima skrini.

Wote tunajua michoro ya dhihaka iliyochorwa hivyo makusudi, vizazi na vizazi. Hapa hakuna aliyekusudia. Namba 128 ilichaguliwa kwa kuwa iko katikati ya 0 na 255. Lakini mtu mwenye ngozi nyeupe akipita kwenye kizingiti kile kile, pua yake ina kivuli, midomo yake ina mstari, anatambulika. Katikati ya namba hakukuwa katikati ya watu.

Si mara ya kwanza vipimo vya picha kupangwa hivyo. Maabara za kusafishia filamu zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, na kwa miongo mingi mwanamke wa kwenye kadi alikuwa mweupe. Kama kipimo chako ni uso mmoja, kila uso mwingine unageuka kuwa kasoro ya kurekebishwa.

Nilijaribu njia ya Otsu ya mwaka 1979, inayotafuta kizingiti yenyewe kwa kuangalia thamani zilivyosambaa. Ni njia bora kwa nyaraka zilizochapwa. Kwa watu waliosimama mbele ya ukuta mweupe, iligawa ukuta upande mmoja na watu wote upande wa pili. Nikajaribu ditheringi ya Atkinson niliyoisifu muda si mrefu. Zile sehemu mbili za nane zinazoachwa zipotee ndizo zilizokuwa zimebeba mwanga mdogo wa kwenye mashavu. Kivuli kikawa kizito zaidi, uso ukazama. Kanuni hiyo ni nzuri kwa picha zenye mwanga mwingi, na lazima isemwe kwamba inamla mtu mweusi.

Kilichosaidia kilikuwa kuacha kuushughulikia uso kwa vipimo vya picha nzima. Ndani ya uso peke yake, thamani zilikuwa kati ya 35 na 110 hivi. Tofauti zote za paji na pua na midomo zimo humo. Ukiuzungushia uso mpaka, ukazinyoosha thamani hizo zijaze nafasi pana zaidi, kisha ukanyunyiza kwa Floyd na Steinberg, pua inarudi. Vilevile inawezekana kukilinganisha kila kitu na wastani wa majirani zake badala ya namba moja ya picha nzima. Hapo swali linabadilika kutoka “je, hapa pana mwanga wa kutosha?” na kuwa “je, hapa pana mwanga kuliko pembeni yake?” Kwa swali hilo la pili, nyuso zote zinajibu.

Lakini nilisita, na bado nasita kidogo. Kuunyoosha uso ni kuufanya mwepesi kuliko ulivyo. Mtu mweusi akitokea na doti nyingi nyeupe usoni, je, nimemwonyesha au nimembadilisha? Nimekuja kuona kwamba kwenye biti moja hakuna rangi ya ngozi hata kidogo, kuna maumbo tu, na umbo la uso wake ni haki yake. Hata hivyo huacha nywele na shingo ziwe nzito, usuli uwe mweupe, ili uso usielee kama barakoa.

## Waliotangulia kuishiwa na rangi

Wachora ngao za koo za Ulaya walikutana na tatizo la vitufe karne nne zilizopita. Ngao ilikuwa haina maana bila rangi zake, na mashine ya kuchapa ilikuwa na wino mweusi tu. Mwaka 1638 Mjesuiti Silvester Petra Sancta alichapisha kitabu kilichoutumia na kuueneza utaratibu wa mistari: nyekundu ni mistari ya wima, bluu ya mlalo, kijani ya mshazari, dhahabu ni vidoti. Utaratibu huo ungali unatumika.

Nilipoukumbuka nilifurahi sana. Hawakuuliza nyekundu ina mwanga kiasi gani. Waliuliza nini lazima kitofautiane na nini, wakaipa kila tofauti umbo lake.

Kwa hiyo mchoro wa vitufe sasa hauanzi kwenye kijivu. Naanza na GIF ya rangi, naorodhesha rangi zinazobeba maana, na kila moja naipa mchoro wake wa doti kabla ya kitu kingine: hii ijae, hii iwe tupu yenye ukingo, hii iwe na mistari. Kwenye kitufe cha doti kumi na kitu, mistari ya wima na ya mshazari haitofautiki vizuri, kwa hiyo kimoja kimejaa na kingine ni duara tupu. Na sentensi imeandikwa upya: anza na kilichojaa.

Kazi hii ni ya polepole. Programu ilibadilisha kabrasha zima kwa muda wa kupumua. Mimi mchoro mmoja unaweza kunishika asubuhi nzima. Nimeambiwa, kwa upole na kwa haki, kwamba vifaa vyenyewe ni vya muda tu na siku moja vitabadilishwa. Ni kweli. Lakini anayekishika kifaa leo anabonyeza kitufe leo.

## Zilizokataa

Kuna picha ambazo haziingii. Umati wa watu, mandhari yenye miti na milima, ukumbi uliojaa: kwenye doti 4032 zinakuwa mchanga. Nimejaribu kukata, kunoa, kuongeza ukali, na mwisho nikakubali.

WML, lugha iliyoandikia kurasa za WAP, ililitazama hili mapema. Kila picha ililazimika kuwa na sifa ya alt, yaani maneno ya kusimama mahali pa picha isipoonekana. Bila maneno hayo ukurasa haukuwa halali. Na hesabu inaunga mkono: picha ya ujumbe ya 72 kwa 28 ni baiti 252, haitoshi kwenye SMS moja ya baiti 140, wakati baiti hizo hizo 140 zinabeba herufi 160 za sentensi iliyofikiriwa.

Picha za umati sasa zinaandikwa kwa maneno, na mtu aliyeiona picha ya asili yenye rangi. Picha za nyuso nazipitisha kwa wenyewe kabla hazijaingia kwenye vifaa. Wengi wamezikubali. Mmoja aliitazama yake kwa muda, akasema mdomo si wake, tukauhamisha kwa doti moja, akaridhika. Mwingine aliikataa kabisa na kuomba jina lake liandikwe badala ya picha. Fonti ya doti 5 kwa 7 inatoa herufi 14 kwa mstari na mistari sita kwenye skrini hiyo, na majina yake matatu yameenea bila kufupishwa.